Saiti yako itamwaga tope wapi mvua ikinyesha? Tujadili mpango kabla buldoza halijashuka

Kontua (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Mada hii nimekaa nayo muda mrefu. Nimesimamia ujenzi kwa miaka mingi, wa barabara, majengo na mabomba, na karibu kila saiti niliyopita nilikuta mpango wa kuzuia mmomonyoko umeandikwa vizuri, umegongwa muhuri na kuwekwa kwenye faili. Mvua kubwa ya kwanza ndiyo iliyokuwa ikituonyesha kwamba mpango ule uliandikiwa faili, ardhi yenyewe haukuijua.

Nianze na yaliyonikuta. Tulikuwa tunasawazisha eneo la hekta nne hivi, lenye mteremko wa wastani kuelekea kijito. Ratiba ilitaka kusafisha kuishe kwanza, kwa hiyo tukazisafisha hekta zote nne ndani ya wiki moja. Uzio wa tope, kile kitambaa kinachofungwa kwenye mambo (vigingi), tulikuwa tumeusimamisha upande wa chini kama mchoro ulivyosema. Wiki ya tatu ikanyesha usiku, kama milimita 40. Asubuhi tukakuta uzio umelala kifudifudi, katikati ya kiwanja maji yamechonga mifereji ya kina cha goti, na kijito kimekuwa rangi ya matofali. Watu wa bondeni waliokuwa wakiteka maji pale walikuja na ndoo zao kutuonyesha. Sikuwa na la kuwajibu. Tulikuwa tumefuata mchoro.

Baadaye nilikaa nikapiga hesabu ambayo ilipaswa kupigwa miezi mitatu nyuma. Milimita 1 ya mvua juu ya hekta 1 ni mita za ujazo 10. Milimita 40 juu ya hekta 4 ni mita za ujazo 1,600, yaani lita milioni 1.6. Tuseme nusu ilinywewa na ardhi. Bado lita 800,000 zilishuka kwenda kukutana na kitambaa kinachofika magotini. Hakuna kitambaa cha kuhimili hilo, hata kingefungwa na fundi bora kiasi gani.

Kosa letu lilikuwa moja, na ndilo ninaloliona mpaka leo kila ninapokwenda: tulipanga kunasa udongo uliokwisha kung'oka, hatukupanga kuuzuia using'oke. Hizo ni kazi mbili tofauti. Ya kwanza ni ghali, ina mipaka, na hushindwa siku ile ile unapoihitaji zaidi. Ya pili ndiyo inayopaswa kubeba mpango mzima.

Angalieni mmomonyoko unavyoanza. Tone kubwa la mvua hugonga ardhi kwa kasi inayokaribia mita 9 kwa sekunde. Likikuta majani au matandazo, nguvu hiyo huishia hapo. Likikuta udongo mtupu, huupasua na kurusha chembe, na zile chembe laini huziba vitundu vya ardhi mpaka uso unakuwa kama umepigwa plasta. Kuanzia hapo maji hayaingii tena, yanatiririka. Kwanza hutandaa kama shuka, kisha yanajikusanya kwenye vijifereji vya upana wa kidole, na vijifereji hivyo hukutana. Kila yanapozidi kasi ndivyo yanavyochonga zaidi, kwa kuwa kasi ikizidi mara mbili nguvu ya mwendo huzidi mara nne. Ukilikuta korongo asubuhi, jua kwamba lilianza na tone lililokuta udongo hauna kitu juu yake.

Wataalamu wa udongo wa Marekani, Wischmeier na Smith, waliziweka sababu hizi kwenye kanuni moja ambayo toleo lake linalotumika sana lilitoka 1978. Upotevu wa udongo ni zao la vitu vinavyozidishwa: nguvu ya mvua, wepesi wa udongo kumomonyoka, urefu na ukali wa mteremko, kifuniko, na mbinu za kuhifadhi. Ilitengenezewa mashamba na haihesabu makorongo, kwa hiyo siitumii kutabiri tani. Naitumia kujiuliza: katika hivi vitu, nina mamlaka na kipi? Mvua siiwezi, ila naweza kuchagua mwezi wa kufumua ardhi. Udongo nimeukuta. Mteremko naweza kuukata vipande. Kifuniko kiko mikononi mwangu kabisa, na ndicho chenye athari kubwa kuliko vyote: udongo mtupu huhesabiwa 1, na ukitandazwa nyasi kavu vizuri, takribani tani 4 hadi 5 kwa hekta, namba hiyo hushuka chini ya 0.2, na kwenye mteremko mdogo hushuka hata chini ya 0.1. Kwa kuwa mambo haya yanazidishana, kupunguza kimoja kwa asilimia 80 ni kupunguza jumla kwa asilimia 80.

Na kuhusu urefu: kwenye mteremko wa asilimia 5 na kuendelea, ukiuacha uwe mrefu mara nne, kila mita ya mraba hupoteza udongo karibu mara mbili ya mwanzo. Ndiyo maana tuta moja dogo la kukinga maji katikati ya mteremko, lililopimwa vizuri kwa kontua (mstari unaofuata usawa mmoja wa ardhi) na kupelekwa mahali salama, linafanya kazi ambayo uzio wa chini hauwezi kuifanya.

Sasa mimi ninavyopanga siku hizi. Kabla ya kuchora chochote nakwenda saiti mvua ikinyesha, nikiwa na mabuti na ramani. Natafuta mambo mawili tu: maji ya wengine yanaingilia wapi, na maji yangu yatatokea wapi. La kwanza husahauliwa mno. Maji safi yanayotoka juu ya saiti hayana kosa. Yanachafuka yakipita kwako. Ukiyazungusha kwa mtaro wa kando yakafika chini bila kugusa udongo uliochimbwa, umepunguza mzigo wako kabla hujanunua hata mambo moja.

Kisha nagawa kazi. Hekta nne hazifumuliwi pamoja kwa sababu tu mashine ipo. Inafumuliwa sehemu ambayo itafanyiwa kazi wiki hizi, ile ya kwanza ikifika usawa wake inafunikwa, ndipo inayofuata inafunguliwa. Mstari wa majani ya asili kando ya kijito unawekewa kamba na mabango siku ya kwanza kabisa, kabla dereva wa greda hajawasha mashine, kwa sababu ukishasagwa haurudi mwaka huu. Udongo wa juu unatolewa pembeni na kurundikwa mbali na njia ya maji, rundo linafunikwa, na mwisho wa kazi udongo huo huo ndio unaorudishwa ili nyasi ziote.

Mwisho kabisa ndiyo yanakuja ya kunasa: uzio, vizuizi vya mawe kwenye mitaro, bwawa la kutuamisha tope. Nayaheshimu na nayahitaji, lakini nayapa kile kidogo kilichoponyoka.

Ningependa kusikia kwenu. Nani ana mpango uliofanya kazi kweli? Nani aliangushwa, na kwa nini?

---

Nondo_12

Mkuu Kontua, umenigusa. Mimi ni msimamizi wa saiti na hivi ninavyoandika nina uzio wa tope umepasuka sehemu mbili. Umefungwa kwa mambo imara, kitambaa ni kipya, tena ni kile kile kilichoandikwa kwenye mkataba. Wiki mbili hazijaisha. Tatizo ni nini, kitambaa au mafundi?

---

Kontua

Nondo_12, pole kwa hilo. Kabla ya kulaumu kitambaa nijibu haya: unapopasuka ni kwenye kona ya chini? Uzio unapanda na kushuka kufuata mpaka wa kiwanja, au unafuata kontua?

---

Nondo_12

Unafuata mpaka wa kiwanja. Na ndiyo, sehemu zote mbili ni za chini.

---

Kontua

Basi mafundi wako hawana kosa. Watu wengi wanadhani uzio huu ni chujio, kwamba maji yanapita na tope linabaki. Matundu yake huzibwa na tope mapema sana. Kazi yake halisi ni kuyasimamisha maji yakae nyuma yake kama kidimbwi, yatulie, mchanga uzame. Kidimbwi hakikai kwenye uzio unaoteremka. Ukiupitisha kwenye mpaka wa mteremko, umejenga mfereji wa kitambaa: maji ya urefu wake wote yanatembea kandokando yake mpaka kona ya chini, na hapo lazima pavunjike.

Upime upya kwa kontua, hata kwa mpira wa maji ambao mafundi ujenzi hupimia usawa. Pale ambapo mpaka unakulazimisha kuteremka, kata uzio vipande vifupi, na kila kipande ncha yake ipinde kupanda juu kama mkono wa mtu anayekumbata, ili kila kimoja kishike maji yake. Usiupe eneo kubwa: mita 30 za uzio zisipokee maji ya zaidi ya mita za mraba 1,000 hivi. Chini kitambaa kiingie kwenye mtaro wa sentimita 15, kifukiwe na kushindiliwa, kwa sababu kisipofukiwa maji yanapita chini na uzio unabaki umesimama wima bila kazi. Mambo zikae upande wa bondeni ili kitambaa kiegemee. Na kamwe usiupitishe katikati ya mtaro au kijito. Maji yanayokimbia hayazuiwi kwa kitambaa, yanahitaji mawe.

Tope likifika nusu ya urefu wa uzio, liondolewe, tena litupwe mahali ambapo mvua inayofuata haitalirudisha.

---

Greda_Kuu

Nimesoma yote. Mleta uzi anajua anachokisema, lakini niwe mkweli kwa niaba ya wakandarasi. Mwenye mradi analipia jengo, halipii nyasi. Kufumua kwa awamu maana yake mashine inarudi saiti mara tatu, na kila kurudi kuna gharama ya kuibeba. Sisi tunachimba bwawa kubwa chini ya saiti, maji yote yanaingia humo, tope linazama, maji yanatoka. Kazi imekwisha. Kwa nini nihangaike na matandazo juu?

---

Kontua

Greda_Kuu, nashukuru kwa kulisema wazi, maana mezani ndivyo linavyosemwa na hoja yako ina uzito. Gharama ya kurudisha mashine ni ya kweli. Ila nikupe sababu ya kutolitegemea bwawa peke yake.

Chembe ya mchanga mwembamba wa milimita 0.1 huzama mita 1 ya maji yaliyotulia kwa dakika 2 hivi. Chembe ya milimita 0.01 huhitaji kama saa 3. Chembe ya udongo wa mfinyanzi ya milimita 0.002 huhitaji zaidi ya siku 3, na hapo maji yametulia kama ya glasi mezani. Sababu ni kwamba kasi ya kuzama hufuata mraba wa kipenyo, kwa hiyo chembe ikiwa ndogo mara kumi, inazama polepole mara mia. Bwawa lako linashika maji kwa muda gani mvua ikinyesha? Saa kadhaa. Mchanga unabaki, mfinyanzi mwingi unapita kwenda mtoni, na mfinyanzi ndio unaoyafanya maji ya mto yawe kama chai, unaoziba mashavu ya samaki na kufunika mayai yao, na unaobeba fosforasi na metali zilizojishikiza humo. Ukiwa na udongo wa mfinyanzi, bwawa peke yake halikusaidii hata ulichimbe lenye ukubwa gani. Mfinyanzi dawa yake ni kubaki pale ulipo.

Sisemi usichimbe. Chimba, lakini uingilio na utokeo viwe mbali, bwawa liwe na urefu angalau mara mbili ya upana, na maji yatolewe juu usoni, kwa bomba linaloelea, yasitolewe chini ambako tope limezama. Nimekuta mabwawa ambayo bomba la kuingiza na la kutoa yanatazamana kwa hatua tano. Maji yanavuka tu.

Kuhusu gharama, hesabu na upande wa pili. Mifereji ile ya kina cha goti tuliifukia, tukashindilia upya, tukapima usawa upya, halafu mvua ikarudi. Udongo wa kujazia tuliununua mara ya pili. Milimita 1 tu ya udongo ikiondoka kwenye hekta 1 ni mita za ujazo 10. Haionekani kwa macho, lakini ni tipa nzima.

---

Bi_Mpimaji

Naunga mkono, na niongeze lililo chini ya hoja ya Greda_Kuu. Mimi ninaandaa majedwali ya kazi na gharama. Mara nyingi kazi hizi zote zinaandikwa mstari mmoja: "hifadhi ya mazingira, jumla." Bei ni moja, haina kipimo. Hapo mkandarasi mwenye nia njema anaumia na asiye na nia anapata faida, kwa sababu kila asichokifanya kinabaki mfukoni mwake.

Zigawanyeni. Uzio kwa mita, matandazo kwa mita za mraba, vizuizi vya mawe kwa idadi, kuondoa tope kwenye bwawa kwa mita za ujazo, na ukaguzi kwa mwezi. Muwekeni na kiasi cha akiba cha dharura ya mvua kinacholipwa kikitumika tu. Kazi iliyopimwa inafanyika kwa sababu inalipwa. Nimeona saiti zikibadilika kwa jambo hili peke yake, bila semina na bila faini.

---

Greda_Kuu

Dada Bi_Mpimaji, hapo umenishika. Ikiwa na mstari wake nikalipwa kwa mita, mimi kesho natandaza.

---

Mtaro_Mkuu

Habarini wadau. Nimewahi kufanya kazi chini ya kibali cha maji ya mvua cha serikali kuu ya Marekani, niwape baadhi ya vipimo vyao kama mfano. Sheria yao ya maji safi ni ya 1972, na kuanzia 2003 saiti yoyote inayofumua ekari 1 au zaidi, yaani kama hekta 0.4, inahitaji kibali na mpango ulioandikwa. Ukaguzi ni kila siku 7, au kila siku 14 pamoja na ndani ya saa 24 baada ya mvua ya milimita 6 hivi. Sehemu ambayo kazi itasimama kwa siku 14 au zaidi, lazima uanze kuifunika mara moja. Kando ya mto unaacha mita 15 za majani ya asili, au uthibitishe kwamba ulichoweka badala yake kinafanya kazi sawa.

Kilichonifaa zaidi ni kwamba mpango unahesabiwa ni kitu kinachobadilika. Ukihamisha bwawa, unarekebisha mchoro. Ukikuta uzio unaanguka tena na tena mahali pamoja, huruhusiwi kuusimamisha tu kila mara, unatakiwa ubadilishe mbinu au ueleze kwa maandishi kwa nini hubadilishi. Mchoro uliobandikwa ofisini ulikuwa umejaa kalamu nyekundu, na mkaguzi alipenda hivyo. Mchoro safi baada ya miezi sita ndio uliomtia shaka.

---

Kontua

Mtaro_Mkuu, asante sana. Hilo la kalamu nyekundu kila msimamizi alisome mara mbili.

Ukaguzi wenyewe niuseme kidogo. Siku ya jua kila kitu kinaonekana kizima. Mkaguzi wangu bora alikuwa kijana aliyetoka mvua ikiendelea, akapiga picha sehemu nne tu: maji yanapoingia, yanapobadilisha mwelekeo, yanapoingia bwawani, na yanapotoka saiti. Picha ya mwisho ndiyo matokeo ya mtihani. Chota maji yale kwenye chupa nyeupe, chota na ya kijito juu ya saiti, ziweke pamoja mezani. Ripoti ya kurasa 20 haiwezi kubishana na hizo chupa mbili.

---

Zege_Safi

Wakuu, mnazungumzia tope, lakini kuna uchafu mwingine ambao hauna rangi na unaua zaidi. Maji ya kuoshea mashine za zege. Pi-echi yake, yaani kipimo cha uasidi au ubesi wa maji, hufika 12, wakati samaki wengi wanataka kati ya 6.5 na 9. Unaona maji meupe kidogo, yakituama yanakuwa maangavu kabisa, mtu anayamwaga kwenye mtaro akidhani ni safi. Nimewahi kuona mtaro ambao vyura na viluwiluwi vyote vilikufa kutoka pale lori lilipoosha kwenda chini, na maji yalikuwa yanaonekana hadi chini.

Chimbeni shimo maalumu, litandikwe nailoni nzito isiyo na tundu, liwe mbali na chemba na mitaro, na lisiachwe lijae zaidi ya robo tatu. Maji yakauke kwa jua, zege lililoganda livunjwe na kubebwa kama kifusi. Dereva aonyeshwe shimo langoni, kabla hajamwaga, maana akishamaliza kumwaga ana haraka na ataosha popote.

Dizeli nayo: matangi yakae ndani ya beseni linaloweza kubeba asilimia 110 ya tangi kubwa kuliko yote, chini ya paa. Bila paa, beseni litajaa maji ya mvua, na siku tangi likivuja hakuna nafasi.

---

Kontua

Zege_Safi, asante kwa kulileta, nilikuwa nimejisahau na tope. Na niunganishe na pampu za kukausha mashimo ya misingi. Maji ya shimoni ndiyo mazito kuliko yote kwenye saiti, na mara nyingi pampu inatupa moja kwa moja kwenye mtaro usiku. Mdomo wa pampu usilazwe chini kwenye tope, uning'inizwe kwenye ndoo yenye matundu au kwenye boya. Mpira wa kutolea uelekezwe bwawani au kwenye mfuko wa kuchuja uliolazwa juu ya majani yaliyo tambarare, mbali na ukingo wa mto.

Kuna wanaotumia dawa za kugandisha mfinyanzi. Zinafanya kazi, ila zenye chaji chanya ni sumu kwa samaki kwa sababu zinajishika kwenye mashavu yao. Msiweke chochote bila mtu aliyepima udongo wenu na kujua dozi.

---

Jenga_Taratibu

Naombeni msaada wakuu. Mimi si mkandarasi, najenga nyumba moja kwenye kiwanja kidogo. Haya ya mabwawa na vibali ni makubwa kwangu. Lakini mvua ikinyesha mchanga wangu unakwenda barabarani na majirani wananuna. Nifanye nini kwa uwezo mdogo?

---

Kontua

Jenga_Taratibu, ndugu yangu, kiwanja kidogo ndicho rahisi kuliko vyote, usikate tamaa. Rundo la mchanga litoe barabarani na kwenye mtaro, liingize ndani upande wa juu wa kiwanja, lifunike turubai na uweke mawe pembeni. Usikwangue kiwanja chote. Safisha penye nyumba na nafasi ya kupita mafundi tu, na upande wa chini acha ukanda wa nyasi wa mita chache, upana wowote unaoweza. Lango liwe moja, ulimwagie mawe makubwa ya sentimita 5 hadi 7, ili magurudumu yajifute kabla ya kutoka. Tope likifika barabarani, lifagie na kulizoa kwa koleo. Ukilimwagia maji kwa mpira umelisukuma kwenye mtaro wa jirani.

Na jambo moja ambalo wajenzi wa nyumba huliacha mpaka mwisho: paa likishafunikwa, weka mifereji ya paa na mabomba yake hata kama plasta bado. Paa la mita za mraba 100 kwenye mvua ya milimita 25 linamwaga lita 2,500, zote kwenye mstari mmoja mwembamba wa udongo uliochimbuliwa karibu na msingi. Ukiweka tangi hapo, maji hayo yanajengea.

---

Bi_Mpimaji

Na nyasi zipandwe mapema, upande mmoja ukimalizika, usisubiri rangi ya ukuta. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta wenyewe utakuwa wa kuzuia udongo wa jirani.

---

Nondo_12

Narudi na taarifa. Jana ilinyesha, nikafanya kama alivyosema Kontua, nikatoka na mabuti kufuata maji. Nimegundua maji mengi yanayovunja uzio wangu si ya saiti yangu kabisa. Kuna kalvati (bomba la kupitisha maji chini ya barabara) la barabara ya juu linamwaga kwenye kona yangu ya kaskazini, na eneo linalolilisha nimelikadiria hekta 3 hivi. Halimo kwenye mchoro wowote. Nataka kuchimba mtaro wa kuyazungusha. Kina na upana niweke kiasi gani?

---

Kontua

Nondo_12, hongera, umeshapata ugonjwa wenyewe. Usikisie ukubwa. Anza na hesabu hii ya makadirio: sehemu ya mvua inayotiririka, zidisha kwa ukali wa mvua kwa milimita kwa saa, zidisha kwa hekta, gawanya kwa 360. Ukichukua nusu inatiririka, mvua ya milimita 60 kwa saa na hekta zako 3, unapata mita za ujazo 0.25 kwa sekunde, yaani lita 250 kila sekunde. Huo si mtaro wa jembe. Mpelekee mhandisi wako hiyo namba na takwimu za mvua za eneo lenu, akuhesabie upana na mwinuko wake.

Mwambie akuangalizie kasi pia. Mtaro wa udongo mtupu huanza kuchongeka kasi ikiwa kati ya nusu mita na mita 1 kwa sekunde, kutegemea udongo, kwa hiyo ukiwa na mwinuko mkali utahitaji mawe au vizuizi vya mawe njiani. Vizuizi hivyo katikati viwe chini kuliko pembeni, la sivyo maji yatazunguka na kula kingo, na vipangwe ili kilele cha cha chini kilingane na kitako cha kile cha juu yake. Mwisho wa mtaro, pale maji yanapoachiwa, tandaza mawe juu ya kitambaa, eneo pana, yatawanyike.

Na uchimbe ukianzia chini kupanda juu. Sehemu ya kutolea ikamilike na mawe yake, mtaro utandikwe mpaka mwisho, kisha ndipo ukate ile mita ya mwisho karibu na kalvati. Ukianzia juu, mvua ikikukuta katikati ya kazi utakuwa umeileta lita 250 kwa sekunde katikati ya saiti yako mwenyewe.

---

Nondo_12

Nimeelewa mkuu. Mhandisi anakuja kesho asubuhi. Nitampitisha kwanza kwenye kalvati kabla hatujaingia ofisini, na picha za maji yakipita kona ile nitazileta hapa mvua ijayo.